Kuanza bustani ya mboga nyumbani majira ya machipuko: maswali ninayoulizwa kila mwaka hapa Minnesota

Ninalima mboga nyuma ya nyumba hapa Minneapolis tangu 2014. Kila ikifika Machi, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi ninaokutana nao misibani, harusini na madukani huniuliza mambo yaleyale, nami huwajibu hapohapo nikiwa nimeshika sahani ya wali. Nimeyaandika hapa ili mtu ayasome kwa utulivu. Namwandikia yule aliyekua akimwona mama yake akichuma mchicha, anayejua kushika jembe, lakini hajawahi kulima mahali penye theluji. Ukiwa Maine, Iowa au Ohio mengi yatakufaa, ila tarehe zitasogea.

Nianze kupanda lini?

Kwetu tunangoja mvua. Huku mvua si hoja. Tunangoja udongo upate joto. Hili likikukaa kichwani, nusu ya makosa ya mwaka wa kwanza hutayafanya.

Nunua kipimajoto cha nyama, kile cha jikoni chenye sindano ndefu. Saa mbili asubuhi kichomeke ardhini urefu wa kidole, subiri dakika mbili, kisha usome. Fanya hivyo siku nne mfululizo. Ukiona nyuzi 7 za Selsiasi na kuendelea, yaani 45 kwa kipimo cha Wamarekani, sia sukuma wiki, spinachi, karoti, dania, na panda vitunguu. Hizo ni mboga zinazovumilia baridi. Mchicha, kunde, bamia, maboga na mrenda vingoje nyuzi 18, ambazo kwa kipimo chao ni karibu 65. Ukizisia mapema zaidi, mbegu zitalala kwenye udongo wa baridi wenye unyevu mpaka zioze, nawe utasema umeuziwa mbegu mbovu.

Hapa Minneapolis kundi la kwanza mara nyingi huwa tayari kuanzia katikati ya Aprili. Kundi la pili hungoja hadi wiki za mwisho za Mei. Najua ni muda mrefu kwa mtu aliyefungiwa ndani tangu Novemba.

Jua linawaka na watu wamevaa kaptula. Bado nisubiri tu?

Subiri. Hewa hupata joto kwa siku moja, udongo huchukua wiki kadhaa. Na kuna jalidi, ile barafu nyembamba unayoikwangua kwenye kioo cha gari asubuhi. Jalidi ya mwisho hapa mjini kwa kawaida hupita mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, lakini ipo miaka inayochelewa hadi katikati ya Mei, hasa ukikaa nje ya mji. Na Aprili yenyewe si ya kuaminika: katikati ya Aprili 2018 theluji ilianguka siku kadhaa mfululizo, ikafika karibu sentimita 40.

Mwaka mmoja nilipandikiza nyanya kumi na mbili wiki ya kwanza ya Mei. Miche mizuri, niliyoilea mwenyewe dirishani tangu Machi. Usiku wa tatu anga likawa jeupe bila wingu, upepo ukatulia, nikalala bila kuifunika. Asubuhi majani yalikuwa meusi na yamelegea kama mchicha uliotoka chunguni. Tangu siku hiyo, usiku wowote wa Mei wenye anga safi na utulivu natoka na mashuka ya zamani nafunika, hata kama utabiri unasema nyuzi 3 au 4. Tumia shuka au blanketi jepesi, na plastiki isiguse majani kwa sababu pale inapogusa ndipo yanapoungua.

Bustani niiweke upande gani wa nyumba?

Swali hili watu wa kwetu hawaliulizi, na ndilo walilotakiwa kuanza nalo. Karibu na ikweta jua hupita utosini, kwa hiyo hatukulelewa kuchagua upande. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini. Jua la saa sita mchana huku liko kusini mwaka mzima, hata Juni. Ukilima nyuma ya ukuta wa kaskazini, mboga zitakaa kivulini muda mwingi wa siku zikirefuka shingo bila majani.

Siku ambayo huendi kazini, toka uangalie saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa mchana, jua linapiga wapi. Nyanya, pilipili, bamia na nyanya chungu zinataka jua kwa muda wa saa sita hadi nane kila siku. Mboga za majani zitakubali muda wa saa tano. Usisahau kwamba ukiangalia Aprili miti haina majani, na pale panapong'aa sasa Juni huenda pakawa giza. Na kama kuna mti mkubwa wa jozi nyeusi, kaa mbali nao: mizizi yake hutoa kitu kinachoua nyanya na jamii yake.

Udongo wa uwanjani ni salama?

Huenda ni salama, huenda si salama, na kwa macho hutajua. Rangi za nyumba zenye madini ya risasi (lead) zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978. Nyumba nyingi za Minneapolis na St. Paul ni za zamani kuliko hapo, na rangi iliyobanduka miaka yote hiyo imeanguka palepale chini ya kuta, ambapo mtu angependa kuweka tuta lake. Risasi huumiza zaidi ubongo wa mtoto mdogo, anayechezea udongo kisha anatia vidole mdomoni. Tena mtaa wa Phillips na jirani zake, kusini mwa Minneapolis, wako watu wengi kutoka Afrika Mashariki, na huko serikali ilichimba na kubadilisha udongo wa mamia ya nyua kwa sababu ya sumu ya aseniki iliyotoka kwenye kiwanda cha zamani cha dawa za wadudu.

Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya kupima udongo pale St. Paul. Unachota udongo sehemu kadhaa za uwanja, unachanganya, unaupeleka au kuutuma kwa posta, na baada ya muda unapata karatasi inayoonyesha rutuba na uchachu. Kipimo cha risasi lazima ukiombe, hakimo kwenye kile cha kawaida. Kila jimbo la Marekani lina huduma ya ugani chini ya chuo kikuu chake. Watumie mabwana shamba hao, kwani wapo kwa ajili ya kuulizwa.

Kabla majibu hayajatoka, au kama hutaki kupima, lima kwenye tuta la mbao lenye udongo wa kununua.

Tuta la mbao linahitaji udongo kiasi gani?

Tuta la futi 4 kwa 8, kimo inchi 10, yaani kama mita 1.2 kwa 2.4 na sentimita 25, linameza yadi moja ya ujazo. Hiyo ni mifuko 13 au 14 ile mikubwa ya futi 2 za ujazo. Ukijumlisha bei ya mifuko utashtuka. Watu watatu wanne wenye bustani waagize kwa lori, nusu udongo na nusu mboji, wagawane. Upana usizidi futi 4, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani.

Mbao za seda hudumu. Usiokote mataruma ya reli, yamelowekwa dawa ya sumu iitwayo kreosoti. Na mbao za kijanikijani za sitaha (baraza za mbao) zilizojengwa kabla ya 2004 ziache, kwa kuwa nyingi zilitiwa dawa yenye aseniki. Chini ya tuta tandika maboksi yaliyofunguliwa, bila utepe wa plastiki, kabla ya kumwaga udongo. Nyasi zitakufa zenyewe, hutahitaji kulima.

Ukiamua kuchimba ardhi kwa kina, piga 811 siku chache kabla. Ni bure. Watakuja kuweka alama panapopita mabomba ya gesi na nyaya.

Nakaa ghorofani na mwenye nyumba hataki tuchimbe.

Ndoo za lita 19, zile za rangi au za kachumbari za mgahawani, toboa matundu matano chini, tia udongo wa vyungu. Udongo wa uwanjani usitie, utakakamaa kama tofali. Ndoo moja inabeba mche mmoja wa nyanya au pilipili, au miche mitatu ya sukuma wiki. Ndoo nne za sukuma kwenye baraza linalotazama kusini zitakupa mboga ya watu wawili mara moja kwa wiki. Joto la Julai likifika utazimwagilia kila siku, wakati mwingine mara mbili.

Njia nyingine ni bustani za jamii, ambapo unakodi kipande kwa msimu. Uliza Januari au Februari, maana Mei vipande vingi vimeshachukuliwa.

Mboga zetu zipi zinakubali huku?

Nyingi, kuliko watu wanavyodhani. Majira ya joto ya Minnesota ni mafupi lakini yana nguvu. Juni jua hukaa juu zaidi ya saa 15, na mboga za majani hukua hadi unaona tofauti kati ya asubuhi na jioni.

*Mchicha*, ambao Wakongo wanauita lenga lenga, ndio wa kwanza kwangu. Mbegu ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo changanya kijiko kimoja na kikombe cha mchanga mkavu, utawanye kwa mistari, ufunike kwa udongo mwembamba sana, usiozidi nusu sentimita. Ukibanana, ng'oa miche michanga uile, hiyo ndiyo tamu kupita yote. Ukifika kimo cha goti usiung'oe na mizizi, ukate ukiacha shina la kiganja kimoja, utachipua pembeni. Usichelewe na usiuache utoe maua. Mimi husia mara tatu, kila baada ya wiki tatu.

*Sukuma wiki* ndiyo mboga isiyokuangusha. Inavumilia baridi ya Aprili, inavumilia joto, inavumilia mlimaji mvivu. Adui yake ni kipepeo mweupe anayepeperuka kama karatasi, anayetaga chini ya jani. Funika tuta kwa chandarua chepesi siku ileile unayopanda. Ukimwona kipepeo ndipo utafute chandarua, umechelewa.

*Matembele* hayapandwi kwa mbegu. Mwishoni mwa Machi nunua viazi vitamu viwili vya kilimo hai, maana vile vingine mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia kuchipua. Vilaze kwenye trei yenye udongo wenye unyevu, uweke mahali pa joto. Vitatoa vikonyo. Vinyofoe vikifika shibiri, viweke kwenye maji vitoe mizizi, uvipande nje Juni inapoanza. Kuanzia Julai utachuma mpaka ugawe.

*Majani ya maboga* yanataka nafasi, usiyatie kwenye tuta dogo. *Kunde* zinakubali vizuri ukizichuma majani. *Mrenda* unapenda joto, nao mbegu zake zinauzwa kwenye maduka ya Waarabu kwa jina la molokhia. *Nyanya chungu* na *bamia* zinafaulu, ila nyanya chungu lazima uianzie ndani.

*Mnavu* nauwekea tahadhari. Panda mbegu uliyoipata kwa mtu anayeila na anayeijua. Usichume unaoota wenyewe, hasa ule unaotambaa juu ya uzio wenye maua ya zambarau na vitunda vyekundu. Huo ni sumu.

Visivyofaa: muhogo, kwa hiyo kisamvu au sombe utaendelea kununua kilichogandishwa. Na mbaazi. Mbaazi nyingi hungoja siku ziwe fupi ndipo zitoe maua, na huku siku zikifupika jalidi nayo inagonga hodi. Utapata kichaka kizuri cha kijani bila punje hata moja.

Mbegu nazipata wapi? Mama mkwe anakuja Mei, anaweza kuniletea?

Mwambie mama asibebe. Mbegu za kupanda zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, au kibali ulichoomba wewe mapema, na lazima azitaje kwa ofisa wa forodha. Mama aliyesafiri saa ishirini na zaidi hastahili kusimamishwa uwanjani akihojiwa juu ya vifuko vya mchicha vilivyofichwa kwenye khanga.

Huku mbegu zipo, tatizo ni majina. Maduka ya Wahindi, Waarabu na Wahmong (jamii iliyotoka Asia ya Kusini-Mashariki) yana mchicha, bamia, kunde na pilipili kali. Masoko ya Wahmong ya St. Paul huuza pia miche mwezi Mei, na akina mama wa pale wanajua udongo wa jimbo hili vizuri sana, waulize. Sukuma wiki iko kwenye kila duka kubwa, upande wa mbegu za mboga za kusini mwa Marekani. Ukishapata mbegu nzuri acha mimea miwili mitatu ikomae, uvune mbegu zako. Mche mmoja wa mchicha utakupa mbegu za mtaa mzima.

Kadi ya EBT inanunua mbegu?

Ndiyo. Msaada wa chakula wa SNAP unaruhusu kununua mbegu na miche ya vitu vinavyoliwa, kwenye duka lolote linalopokea kadi hiyo. Maua, udongo na mbolea hairuhusu. Watu wengi wamekaa miaka bila kulijua hili, na pakiti moja ya mbegu za sukuma ni mboga ya miezi mitano, kwa hiyo tafadhali mwambie na jirani.

Shikamoo shangazi. Miche yangu ya ndani imekuwa mirefu na myembamba kama uzi, inaanguka. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Inatafuta mwanga. Jua la Machi la dirishani halitoshi. Nunua taa ya LED ya kawaida ya karakana, ining'inize sentimita 5 hadi 8 juu ya miche, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, uipandishe kadiri inavyokua. Pilipili na nyanya chungu anza wiki nane kabla ya kuzitoa nje, nyanya wiki sita. Hiyo yako ya nyanya iliyorefuka usiitupe: ukiipandikiza zamisha shina lote hadi karibu na majani, litatoa mizizi humo chini.

Nimeitoa nje ikiwa mizuri, baada ya siku mbili majani yamekuwa meupe.

Imeungua jua. Miche iliyolelewa ndani haijawahi kuona jua wala upepo. Siku ya kwanza itoe kwa muda wa saa moja tu kivulini, ya pili saa mbili, uiongezee hivyo kwa siku saba hadi kumi ukiisogeza juani kidogokidogo, na usiku uirudishe ndani. Kazi ya kubeba trei ingia toka inachosha, nakubali. Wape watoto.

Nimwagilie kiasi gani?

Inchi moja ya maji kwa wiki, ukihesabu na mvua. Kwa lile tuta la futi 4 kwa 8 hiyo ni kama lita 75, ugawe mara mbili au tatu. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Kabla ya kufungua mpira wa maji tia kidole ardhini: kama chini kuna ubichi, acha. Tandaza majani makavu au nyasi kuzuia jua lisikaushe, lakini nyasi zilizokatwa kwenye uwanja uliopigwa dawa ya magugu usitumie, zitaua mboga.

Samadi ya kuku mbichi inafaa?

Si kwa mboga utakayoichuma mwezi ujao. Kanuni ya wakulima wa kilimo hai huku ni siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna chochote kinachogusa udongo. Iweke Oktoba, ilale na theluji, itakufaa machipuko yanayofuata. Kwa sasa tumia mboji iliyoiva.

Sungura wamekula kila kitu.

Senyenge ya kuku, kimo sentimita 60, chini iingie ardhini kama kiganja. Hakuna dawa nyingine niliyoiona ikifanya kazi. Si pilipili, si sabuni, si nywele za kinyozi.

Bustani inaisha lini?

Jalidi ya kwanza hurudi kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Kuanzia Septemba sikiliza utabiri kila jioni. Usiku ukitajwa kuwa wa jalidi, chuma mchicha wote, matembele yote, pilipili na nyanya mbichi, kwa sababu kesho havitakuwapo. Majani yatie kwenye maji yanayochemka dakika mbili, uyazamishe kwenye maji ya barafu, uyakamue, uyafunge vifungu vya mlo mmoja kwenye friza.

Sukuma wiki usiiguse. Jalidi inaifanya iwe tamu. Mwaka jana nilikata ya mwisho Novemba, nimevaa glavu, theluji nyepesi imekaa juu ya majani. Niliyakung'uta mlangoni, nikayakatakata yakiwa bado baridi mkononi, ugali ulikuwa tayari mezani.